Nilikuja kwa Tumbo, Mkafundisha Mguu

Kwa Makamu Wakuu wa vyuo vikuu vyenye skuli za tiba, wakuu wa skuli hizo, Baraza la Madaktari Tanganyika, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na Wizara ya Afya.

YAH: KUFUNDISHA WANAFUNZI WA UDAKTARI HABARI ZA ULEMAVU

Waheshimiwa,

Salaam, na kwa mlionizidi umri, shikamooni. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Dar es Salaam. Polio ilinipata nikiwa na miaka mitatu. Natembea kwa magongo, na siku za safari ndefu natumia kiti mwendo. Naandika kwa sababu ya jambo lililonipata mwaka 2009 katika hospitali moja ya kufundishia, ambayo sitaitaja. Sina kesi na hospitali. Shida yangu iko darasani, na darasa ni lenu.

Nilifika usiku, tumbo linaniuma kuanzia kitovuni, likahamia chini upande wa kulia. Nikalazwa. Asubuhi ikaja raundi: daktari bingwa mmoja na wanafunzi kumi na mmoja. Niliwahesabu, maana sikuwa na kazi nyingine. Bingwa alisoma faili, akanitazama, akafunua shuka upande wa miguuni. Akasema neno kwa Kiingereza, na wanafunzi wote wakasogea. Robo saa nzima walijifunza mguu wangu wa kushoto. Walipima unene wa paja kwa futi ya kamba. Waligonga goti kwa nyundo ndogo ya mpira, halikuruka, wakaandika. Waliambiwa kwamba polio huharibu neva zinazoendesha misuli lakini haigusi hisia za ngozi. Ni kweli kabisa. Ndiyo maana nilihisi baridi ya kila mkono ulionishika asubuhi ile.

Hakuna aliyegusa tumbo. Nilipojaribu kusema, bingwa alijibu kwa upole kwamba watu wa hali yangu hupata maumivu ya misuli kwa sababu ya kujikaza kwenye magongo. Nikaandikiwa dawa ya maumivu. Wakahamia kitanda kingine.

Jioni mwanafunzi mmoja alirudi peke yake. Akavuta kiti, akakaa, akaniuliza kwa Kiswahili, "Mwalimu, wewe mwenyewe ulikuja hapa kwa tatizo gani?" Nikamwonyesha. Akabonyeza polepole, kisha akaachia ghafla, nami nikapiga kelele hadi mgonjwa wa jirani akaamka. Binti yule alitoka mbio. Usiku huohuo nilipasuliwa. Kidole tumbo kilikuwa kimeshatoboka. Nililala wodini wiki tatu badala ya siku tatu.

Kabla sijaruhusiwa nilimuuliza ni nani aliyemfundisha kuuliza vile. Akacheka. Akasema nyumbani kwao ana mdogo wake mwenye mtindio wa ubongo, na kila mara wakimpeleka hospitali kwa homa, wanarudi na ushauri wa mazoezi ya miguu na homa yao iko palepale. Chuoni, aliniambia, hilo halikuwahi kutajwa.

Waheshimiwa, siwezi kukaa nikiomba kwamba kila daktari nitakayekutana naye awe na mdogo wake mwenye mtindio wa ubongo.

Lililonipata lina jina katika vitabu vyenu, kwa Kiingereza "diagnostic overshadowing": ulemavu wa mgonjwa unatupa kivuli, na ugonjwa unajificha ndani yake. Daktari akishaona mguu, macho yake yamekwisha kazi. Kule Uingereza kilihitajika kifo ili jambo hili liingie kwenye sheria. Novemba 2016, kijana wa miaka 18 aitwaye Oliver McGowan, aliyekuwa na usonji na ulemavu mdogo wa kujifunza, alifariki hospitalini Bristol baada ya kupewa dawa ya magonjwa ya akili ambayo yeye na wazazi wake walikuwa wamesema asipewe. Mama yake alipigania suala hilo kwa miaka. Sheria ya afya ya nchi hiyo ya mwaka 2022 ikawalazimu watoa huduma kuhakikisha watumishi wao wanapata mafunzo kuhusu usonji na ulemavu wa kujifunza, na mafunzo hayo yakapewa jina la kijana huyo. Sisi tumsubiri nani?

Najua jibu la haraka: tayari tunafundisha ulemavu. Mnafundisha, sikatai. Mnafundisha polio, kifafa, mtoto wa jicho, mguu kifundo, kichwa kikubwa. Moshi wanafundishwa watengeneza viungo bandia na vifaa saidizi tangu mwaka 1981, na wanafunzi wao wametoka nchi nyingi za Afrika. Palepale Moshi, hospitali ya KCMC, kuna kitengo kinachotengeneza mafuta ya Kilisun kwa ajili ya wenye ualbino, maana kwa jua letu hili saratani ya ngozi inawaua wakiwa bado vijana. Hospitali ya CCBRT imenyoosha miguu ya watoto wengi kuliko ninavyoweza kukisia. Hayo ni mambo ya kujivunia, nami nayajua kwa sababu vifaa vya chuma vya miguu yangu vilitoka kwa mafundi wa namna hiyo. Lakini kote huko ulemavu unafundishwa kama kitu cha kurekebisha. Nani anamfundisha mwanafunzi wa mwaka wa nne namna ya kumtibu malaria mtu ambaye ulemavu wake haurekebishiki, na wala hajaja kuurekebisha?

Kiswahili bado hakijatulia kwenye neno moja la kuutaja ubaguzi ninaousema. Mimi nauita ubaguzi wa ukamilifu: kuamini kwamba mwili mzima ndio mtu, na sisi wengine ni mtu kasoro kitu fulani. Mtu hahitaji kuwa na roho mbaya ili awe nao. Bingwa wangu wa mwaka 2009 alikuwa mpole kuliko madaktari wengi walionitibu. Ubaguzi huu unakaa vizuri sana na upole; ndugu yao wa tatu ni huruma.

Methali yetu tunayoipenda inasema "Hujafa hujaumbika." Nimeifundisha darasani miaka kumi na tisa. Tunaitumia kumkanya mtoto anayemcheka mwenye ulemavu, na nia ni njema. Lakini sikilizeni vizuri inachosema: usimcheke, kwa maana hata wewe unaweza kufikia kuwa hivyo. Mimi ndiye "hivyo". Mimi ndiye lile janga ambalo mwenzangu anaogopeshwa nalo ili awe na adabu. Daktari aliyelelewa kwa methali hiyo, kama tulivyolelewa sote, anapoingia wodini na kunikuta anaona kwanza jambo ambalo Mungu amemwepusha nalo. Mgonjwa anakuja baadaye.

Na hii si tabia ya kwetu tu. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliowahoji madaktari 714 wa Marekani. Asilimia 82.4 walisema watu wenye ulemavu mkubwa wana maisha duni kuliko wasio na ulemavu. Wenye uhakika mkubwa kwamba wangeweza kuwapa huduma sawa na ya wagonjwa wengine walikuwa asilimia 40.7 tu. Marekani ina sheria nzito ya haki za watu wenye ulemavu tangu mwaka 1990. Madaktari wengi wa leo wamesoma na kuhitimu sheria hiyo ikiwepo, na bado.

Nasi sheria tunayo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu tuliuridhia mwaka 2009, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9, ikapitishwa mwaka 2010. Ibara ya 25 ya mkataba ule inawataka watumishi wa afya watupe huduma ya ubora uleule wanaoupata wengine, kwa ridhaa yetu wenyewe baada ya kuelezwa, na inataja mafunzo kuwa njia ya kufika huko. Neno ridhaa nitalirudia sasa hivi, kwa sababu nina kisa chake.

Nimezaa mara mbili. Mara ya kwanza, kliniki, nesi aliniuliza mbele ya foleni nzima, "Jamani, nani tena kakupa mimba wewe?" Aliyenipa mimba alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika magongo yangu. Nafikiri aliona haya kuliko mimi. Mimi nilikuwa nimeshawasikia wenzangu wakisimulia swali hilo, neno kwa neno, nikajua zamu yangu imefika.

Kadi ya kliniki ya mimba ile ninayo mpaka leo. Safu ya uzito iko tupu kuanzia hudhurio la kwanza hadi la mwisho. Mizani ilikuwa ya kusimama, nami siwezi kusimama bila magongo, na magongo yana uzito wake. Katika hudhurio moja mtu fulani, akiwa na nia ya kueleza, aliandika kwa kalamu nyekundu kukatisha safu yote: MLEMAVU. Kama vile hicho ndicho kipimo. Dawa ya tatizo lile ingekuwa nyepesi: nipimwe na magongo, kisha yapimwe magongo peke yake, kisha watoe. Hesabu ya darasa la pili. Kwa anayetumia kiti mwendo ni hivyohivyo, mkipata mizani ya jukwaa, hata ile ya kupimia magunia sokoni. Hakuna aliyewaza, na simlaumu nesi mmoja mmoja. Kuwaza namna hiyo hufundishwa.

Mara ya pili nilijifungua kwa upasuaji. Nikiwa mezani, macho wazi, nimechomwa sindano ya mgongo, daktari alitoka nje kumuuliza mume wangu kama anifunge kizazi kabisa "ili asihangaike tena". Mume wangu akamwambia, "Si yupo humo ndani? Muulize mwenyewe." Daktari akarudi, hakuniuliza, na hakufunga. Nashukuru kwa hilo la mwisho. Lakini hebu fikirini: ningekuwa nimeolewa na mwanamume mwingine, anayeogopa koti jeupe, ningekuja kulijua jambo lile lini?

Hayo ni yangu, na mimi nasikia, naona, na nina mdomo wa mwalimu. Rafiki yangu mmoja ni kiziwi. Hospitali majina yanaitwa dirishani. Yeye hukaa pale tangu saa moja asubuhi, na saa nane anaambiwa aliitwa akakosekana. Siku aliyopewa majibu ya kipimo cha damu, aliyetumwa kumfasiria alikuwa binti yake wa miaka kumi na mbili. Mtoto alilazimika kuyajua yale kabla ya mama yake. Darasa moja kuhusu Lugha ya Alama ya Tanzania halitamfanya daktari awe mkalimani, wala sitegemei hivyo. Lingemfanya tu ajue kwamba mkalimani anatakiwa, na kwamba si mtoto.

Hapa niruhusuni niseme kama mwalimu wa lugha. Mnafundisha kwa Kiingereza, mgonjwa anatibiwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi anajifunza maneno ya adabu kuhusu ulemavu kwa lugha ya kitabu, kama anajifunza kabisa, kisha anafika wodini na hana maneno hayo kwa lugha ya mgonjwa. Anarudia ya mtaani. Mimi nimeitwa "yule kiwete wa kitanda cha sita" na mtu ambaye, nina hakika, kwa Kiingereza angetafuta neno zuri zaidi. Tazameni kamusi yetu: kiwete, kilema, kipofu, kichaa, kibiongo, wote wamejaa katika ngeli ya vitu. Wanaisimu mtaniambia kiongozi na kijana nao wamo humo. Kweli. Lakini kiongozi hajawahi kuitwa hivyo mtu akiwa anamfunua shuka. Na msiende mkatunga orodha ya maneno marufuku mkadhani mmemaliza kazi. Viziwi wenyewe wanajiita viziwi na chama chao kinaitwa CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania. Ukimwita mmoja wao "mwenye changamoto ya usikivu" atakushangaa. Wenye ualbino kwa upande wao wametuambia wazi kwamba zeruzeru hawalitaki. Mwanafunzi afundishwe kuuliza.

Kuuliza kwenyewe kunafundishika, na ushahidi niliupata Agosti 2022, kijana karani wa sensa alipofika mlangoni kwangu na kishikwambi. Aliniuliza kama nina ugumu wa kuona hata nikivaa miwani, ugumu wa kusikia, wa kutembea au kupanda ngazi, wa kukumbuka, wa kujihudumia, wa kuwasiliana. Akauliza kwa kila mtu wa nyumba, hata kwa mume wangu anayejiona mzima, ikagundulika sikio lake moja halifanyi kazi vizuri na alikuwa akinificha. Maswali sita hivi, dakika chache. Sensa ile ikaonyesha asilimia 11.2 ya Watanzania wenye miaka saba na zaidi wana ulemavu wa aina fulani. Karani alifundishwa majuma machache. Daktari mnamfundisha miaka mitano na mwaka wa intani juu yake, na katika miaka yangu yote hakuna aliyewahi kuniuliza naweza kufanya nini na nini kinanishinda. Wote waliniuliza nilianza kuumwa lini.

Sasa ninaomba nini.

Jambo kubwa kuliko yote: tuingizeni darasani kufundisha. Wodini tumekuwa vielelezo vya kufundishia tangu udaktari uanze nchi hii, tena bila kuombwa ruhusa. Sasa tuwe upande wa ubao. Awepo mtu asiyeona anayeeleza anavyotofautisha vidonge vyake nyumbani, na mara ngapi amepewa karatasi ya maelekezo asiyoweza kuisoma. Awepo mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Awepo mtu mwenye ulemavu wa akili, yeye mwenyewe na si mlezi wake tu, maana hao ndio wanaosemewa kuliko wote. SHIVYAWATA ni shirikisho la vyama vyetu. Waandikieni, watawapa watu. Na watu hao walipwe kama mnavyomlipa mhadhiri wa muda. Nimechoka na mialiko inayoishia kwenye soda na cheti.

Tafadhali sana, msiwafunge wanafunzi vitambaa machoni kwa saa moja mkaita somo la upofu. Mtu aliyefungwa macho kwa saa moja anajifunza kujikwaa. Hajifunzi maisha ya mtu aliyezoea, aliyesoma nukta nundu, anayejua kituo chake cha daladala kwa mlio na kona. Anatoka na hofu ileile aliyoingia nayo, sasa ina ushahidi.

Halafu mtihani. Hili nalisema kwa uzoefu wa chaki: kisichotahiniwa hakisomwi. Mkiweka mhadhara mmoja wa hiari Ijumaa mchana, watakuja wale ambao tayari wana wadogo zao wenye ulemavu. Lakini kwenye mtihani wa vitendo, ule ambao mwanafunzi anazunguka kituo hadi kituo na saa inagongwa, wekeni kituo kimoja tu ambapo mgonjwa ana ulemavu na amekuja kwa jambo jingine kabisa: kikohozi, uzazi wa mpango, maumivu ya kifua. Mwanafunzi akimhutubia aliyemsindikiza badala ya mgonjwa, apoteze alama. Akianza na mguu, apoteze alama. Mgonjwa huyo awe na ulemavu kweli, asiwe mwigizaji aliyekaa kwenye kiti cha kuazima, na alama zake mwenyewe zihesabiwe. Mtaona watakavyosoma. Baraza la Madaktari nanyi mna mkono katika hili. Mnachokitaka kwa anayesajiliwa, vyuo vitakifundisha.

Raundi za wodi zibadilike pia, na hili halihitaji kamati wala bajeti. Mgonjwa aombwe ruhusa kabla ya kufunuliwa, kwa lugha anayoielewa. Kinachofundishwa kianze na kilichomleta. Wakimaliza hapo wakataka kuuona mguu wangu, wauombe. Mimi ni mwalimu, huenda nikakubali.

Na mnaofanya udahili: katika wanafunzi wenu wa udaktari mwaka huu, wangapi wanatembelea magongo? Wangapi ni viziwi? Kila mwaka nafundisha watoto wawili watatu wenye ulemavu, na kila mwaka kuna mmoja anayetaka udaktari. Nimeshaambiwa na mtu wa chuo kimoja, kwa nia njema kama kawaida, nimshauri mtoto achukue kozi "nyepesi". Alikuwa na daraja la kwanza.

Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa Desemba 2022: watu wenye ulemavu mkubwa duniani ni bilioni 1.3, mmoja katika kila sita, na baadhi yetu tunakufa hadi miaka 20 mapema kuliko wengine. Sehemu kubwa ya miaka hiyo inaliwa na mambo ya kawaida kabisa: mizani, dirisha, shuka, swali ambalo halikuulizwa. Binti aliyeniuliza ni daktari sasa, na nimesikia anafundisha. Kama barua hii itamfikia, nidhamu yake inatosha, hahitaji kuisoma.

Ninyi wengine, nipo tayari. Jumamosi sina vipindi, na katika likizo ya Juni nina wiki nne. Naweza kufika Upanga, Moshi, Mwanza, Dodoma, Mbeya, hata Unguja bahari ikiwa tulivu. Nitakuja na kadi yangu ya kliniki wanafunzi waione ile safu. Ombi langu ni dogo: mnijulishe mapema darasa liko ghorofa ya ngapi, na kama lifti inafanya kazi.

Wenu katika ualimu,

Mwalimu wa Kiswahili, mama wa watoto wawili
Dar es Salaam